Siku Ukurasa wa Eedo Ulipoonekana Ukutani

Jumatano, mwezi wa nane. Upepo tangu alfajiri.

Vumbi limeingia hadi kwenye kibodi ya laptopu. Nimefagia chumba, nikafagia tena, na sasa nimeacha. Wanasema Isiolo mwezi huu hata ukifunga dirisha unakula mchanga, na ni kweli, lakini leo hata vumbi naona kama linanichokoza mimi binafsi. Nina hasira. Ni ile ile ya juzi, haijapungua hata kidogo.

Naandika hapa kwa sababu sina mwingine wa kumweleza. Yule niliyezoea kumweleza mambo kama haya ndiye aliyenifanyia.

Anaitwa Kendi.

Tulisoma pamoja Nairobi, tukalala chumba kimoja cha hosteli, tukapikia sufuria moja iliyokuwa na mpini uliolegea. Kwao ni Burat, wana shamba la vitunguu. Kwetu ni hapa mjini. Mababu zangu waliletwa huku wakiwa askari wa Mwingereza, na vita vilipoisha wakageuka watu wa maduka na malori. Tulipomaliza chuo sote wawili tulirudi nyumbani, watu wakatushangaa, maana anayesomea kompyuta anatarajiwa abaki Nairobi. Sisi tukafungua kazi yetu ya kutengeneza tovuti na programu. Watu walikuwa wakiniuliza, huyo Mmeru unamwamini kweli? Nilikuwa nawajibu vibaya. Kuna binamu yangu mmoja mpaka leo hanisalimii vizuri kwa ajili ya jibu nililompa.

Sasa binamu huyo akisikia atafurahi. Hilo nalo linaniuma.

Kazi yenyewe ilitoka kwa Eedo. Eedo ni shangazi kwa Kisomali, na kwetu shangazi naye humwita mpwa wake Eedo, kwa hiyo tunaitana hivyo wote wawili, mimi na yeye. Ni dada ya baba yangu, ndiye aliyenilea mama alipokuwa mgonjwa, na ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wa maziwa ya ngamia. Maziwa yanatoka Gotu, yanatoka upande wa Garbatulla, yanafika mjini asubuhi kwa mitungi iliyofungwa vitambaa, kila mama na rangi yake. Wanayaonja, wanayapoza, yanapanda basi kwenda Nairobi. Mambo yote yalikuwa yanaendeshwa kwa kupigiana simu na kupigiana kelele. Eedo akaniambia, wewe umesomea hizi kompyuta, tutengenezee kitu.

Nilifurahi, sikatai. Nilitaka aone faida ya karo aliyonilipia.

Lakini kuna jambo ambalo ilibidi nimfundishe Kendi kabla hatujaandika hata mstari mmoja. Kwetu mtu haulizwi ana ngamia wangapi. Huulizi, hutaji, huhesabu mbele ya watu. Anayeuliza anaonekana ana jicho baya, au ana nia ya wizi. Mwenye wengi anaficha, na mwenye wachache anaficha zaidi. Kina mama hawa wameketi pamoja miaka mingi, wamezikiana wazazi, na hakuna hata mmoja anayejua idadi ya mifugo ya mwenzake. Kendi alicheka, akasema kwao watu wanahesabu magunia ya vitunguu barabarani kila anayepita akisikia. Nikamwambia, ngamia si vitunguu. Akaelewa. Nilidhani ameelewa.

Sasa kikundi kinahitaji kujua kila mama ana ngamia wangapi wanaokamuliwa, ili kijue kitapata maziwa kiasi gani na kimwahidi mnunuzi. Kila mama lazima ajaze, na ajaze ukweli. Hapo ndipo nilipojiona mjanja.

Nieleze kwa asiyejua kazi yetu. Programu ya tovuti ina njia, na kila njia inakufikisha kwenye ukurasa wake. Tunatumia kiunzi, yaani mifupa ambayo watu wengine wameshaitengeneza, sisi tunaivisha nyama. Kiunzi hiki kinakuruhusu kuweka njia ndani ya njia. Ya nje inaitwa mzazi, ya ndani inaitwa mtoto. Nilifanya ukurasa wa kikundi kuwa mzazi, nao unaonyesha jumla na orodha ya majina tu. Ukurasa wa kila mama ukawa mtoto ndani yake. Kwenye mlango wa mzazi nikaweka mlinzi, mistari michache inayouliza: wewe ni nani, na unaenda kwenye ukurasa wa nani? Kama si wako, unarudishwa. Mlinzi mmoja kwa mzazi anatosha watoto wote. Lakini ukimtoa mtoto nje ya mzazi, unamtoa pia mbele ya mlinzi, na programu haitakwambia lolote. Itaendelea kufanya kazi vizuri kabisa.

Nilimwambia Kendi, usiguse njia bila kuniambia. Nilimwambia zaidi ya mara moja, mpaka akaniambia sawa mwalimu.

Kisha, kabla ya Ramadhani, nikaenda kumshawishi Eedo awe wa kwanza kujaza. Hakutaka. Alishika simu yangu muda mrefu, akaniangalia, akaniuliza nani ataona. Nikamwambia hakuna mtu ataona, ni wewe tu. Akajaza. Alipogeuka kunirudishia simu nilikuwa nimetazama pembeni, kwa heshima.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kuwaonyesha wote. Tulikutana kwenye chumba cha nyuma cha duka la baba, tukafunga mapazia, tukaazima projekta, picha ikatokea ukutani kubwa na safi. Kina mama walijaa mpaka wengine wakaketi juu ya magunia ya sukari. Salaam zilichukua muda wake. Eedo alisimama akaniombea kwao. Alisema huyu ni mtoto yetu, amekulia mbele yenu, hawezi kutuvua nguo.

Alisema hivyo hivyo.

Kendi alishika laptopu, mimi nikawa nasema. Tulikuwa tumeingia kwa akaunti ya majaribio, ya mama wa kubuni ambaye hayupo. Nikawaonyesha jumla, wakapenda. Nikawaonyesha jinsi ya kuandika maziwa ya asubuhi, wakapenda zaidi. Halafu nikafika kwenye sehemu niliyokuwa naingojea kwa hamu. Nikawaambia, najua mnaogopa nini. Mnaogopa mtu afungue ukurasa wenu. Sasa tazameni, tutajaribu kufungua wa mwenyekiti mwenyewe, muone jinsi unavyokataa.

Kendi, bonyeza jina la Eedo.

Akabonyeza. Nami tayari nilikuwa nimeanza kusema, "Mnaona? Imekataa." Maneno yalikuwa yameshanitoka.

Haikukataa. Ukurasa wa Eedo ulifunguka ukutani wote. Jina lake, picha yake akiwa na ule mtandio wa kijani, na chini yake ngamia aliobaki nao baada ya ukame, wanaokamuliwa, na lita anazoleta. Sitaandika idadi hapa. Itoshe kusema ilikuwa ndogo, ndogo kuliko mtu yeyote mle ndani alivyodhania, maana Eedo anatembea na kuongea kama mtu mwenye ngamia wengi, na kila mtu anamwendea kama mtu mwenye ngamia wengi. Mitungi yake hujaa kila siku. Ukutani ilionekana wazi kwamba ngamia wale hawawezi kuijaza. Kumbe alikuwa ananunua maziwa kwa wengine ili mwenyekiti asionekane amepungukiwa.

Nilichomoa waya wa projekta. Lakini walikuwa wameshasoma, hata wasiojua kusoma walikuwa wameshaambiwa na wa pembeni.

Halafu bibi mmoja wa Gotu akasema "Mashaallah", akarudia, "Mashaallah", kama inavyosemwa mtu akiona mali nyingi na hataki kuidhuru kwa jicho. Alisema kwa huruma, kumfunika mwenzake. Afadhali angecheka.

Mwingine akauliza, "Huyu mlango nani aliweka?"

Kendi akajibu. Sikuulizwa mimi, wala yeye hakuulizwa, lakini alijibu haraka. "Hiyo sehemu ni ya Sadia."

Sadia ni mimi.

Eedo alisimama, akasema tunywe chai. Akamimina mwenyewe, akapitisha vikombe mwenyewe. Alipofika kwangu alinipa kikombe kama alivyowapa wengine. Wakanywa, wakaaga, na kabla ya jioni zaidi ya nusu walikuwa wameshatuma ujumbe wakitaka majina yao yatolewe kwenye programu. Programu bila kina mama ni ukurasa mtupu, na Eedo aliyewahimiza wajiunge ndiye aliyeaibika mbele yao. Hilo ndilo lililonisumbua usiku kucha: kwamba alinisimamia kwa neno lake mwenyewe.

Jana asubuhi nilifungua msimbo wa programu. Sikuhitaji kutafuta sana. Watoto hawakuwa ndani ya mzazi. Walikuwa wametolewa wote, wamepangwa nje, kila mmoja na anwani yake kamili, na mlinzi wangu amebaki kwenye mlango wa kikundi akilinda jumla peke yake. Jumamosi nilikuwa nimejaribu mwenyewe na kila kitu kilikuwa sawa. Kwa hiyo ni Jumapili.

Nikampigia Kendi. Hakukana. Kwa hilo nampa haki yake, hakukana hata kidogo.

Kisa ni kitufe cha Rudi. Kitufe tu! Kwenye ukurasa wa mama kuna kitufe cha kukurudisha kwenye kikundi, na kilikuwa kinamrusha mtu mpaka mwanzo wa programu. Kwenye kiunzi alichozoea Kendi, kurudi unahesabu kwa vipande vya anwani: ukurasa wa mama una vipande viwili, neno "mama" na namba yake, basi unaandika nukta mbili zinazofuatana, maana yake panda hatua moja, unarudia, unapanda mara mbili. Kiunzi hiki chetu hakihesabu vipande. Kinahesabu njia. Mtoto ni njia moja hata akiwa na anwani ndefu namna gani, kwa hiyo unapanda mara moja tu na umefika kwa mzazi. Ukipanda mara mbili umempita mzazi, uko barabarani. Ni kosa la kawaida, hata mimi lingeweza kunipata. Lakini badala ya kuniuliza, akawatoa watoto wote nje, akaandika anwani kamili, kitufe kikafanya kazi, akalala.

"Si ningekuuliza," akasema, "lakini ulikuwa umesema nisiguse. Niliona utanikasirikia."

Kwa hiyo aligusa kwa sababu nilimkataza asiguse. Nilitaka kuirusha simu.

Nikamwambia kosa la njia nimelielewa. Nieleze lile la pili. Kwa nini mbele ya wale wamama ulisema ni sehemu yangu?

Akasema, na hapa naandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu tangu jana yanazunguka kichwani: "Ningesema nini, Sadia? Mimi wangenifukuza hapo hapo, na wangesema Wameru wote ni hivyo. Wewe ni wao. Wewe watakusamehe."

Nikakata simu.

Ningekuwa mtu mwema ningeona kwamba alikuwa ameogopa. Naona kweli, chumba kizima cha wamama wanaozungumza lugha asiyoijua, wote wamegeuka kumtazama. Naona, na bado sitaki kumhurumia. Nilimtetea kwa ukoo mzima. Ilipofika zamu yake, siku moja tu, akanisukuma mbele yake.

Niliwarudisha watoto ndani ya mzazi. Nikarekebisha kitufe cha Rudi, nikafuta ile hatua iliyozidi. Kazi yote iliisha kabla chai yangu haijapoa, na hilo ndilo lililonifanya nilie. Nikaingia tena kwa akaunti ya yule mama wa kubuni, nikabonyeza jina la Eedo. Ikakataa. Nikabonyeza jina la kila mama. Ikakataa, ikakataa. Kisha nikamwondolea Kendi ruhusa ya kuingia kwenye kazi yetu. Baadaye nikamrudishia. Jioni nikamwondolea tena. Wakati huu ninapoandika bado ameondolewa, na sijui kama nafanya hivyo kwa usalama wa kina mama au kwa kumwadhibu. Nafikiri ni kumwadhibu.

Leo baada ya adhuhuri nilienda kwa Eedo.

Nilikuwa nimejipanga. Nitamwonyesha kwamba mlango umefungwa, nitamwambia ni nani aliyeufungua, nitamwomba aniitie wale wamama mara moja zaidi. Nilitaka sana ajue si mimi. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno, na ndani ya maneno hayo jina la Kendi lilikuwa mara nyingi kuliko la Eedo.

Nilimkuta uani, ameketi kwenye kigoda, anafukiza mitungi ya kesho. Anatia makaa ya mti, anafunika, anatikisa, anamwaga, mtungi unabaki na harufu ya moshi inayofanya maziwa yakae. Nikamsalimia, akaitikia. Nikaketi chini karibu naye. Nikamweleza yote, mzazi, mtoto, mlinzi, kitufe, tukichanganya Kisomali na Kiswahili kama kawaida yetu. Nikatoa simu, nikamwonyesha ukurasa wake ukikataa kufunguka. Nikamwambia ni Kendi. Nikamwambia alivyonijibu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuniharakisha.

Kisha akasema, "Huyo msichana ni mtoto ya watu wa shamba. Hajui. Mimi sina neno na yeye."

Nilishangaa. Nikaanza kusema kwamba alijua, nilimfundisha mwenyewe. Akainua mkono wenye jivu.

"Eedo, nikuulize. Juzi, hiyo kitu yangu ilipotokea kwa ukuta, watu wote walisoma. Wote walishtuka. Mimi nilikuangalia wewe. Wewe hukusoma ukuta. Uliangalia Kendi."

Nikaiweka simu chini.

"Mbona hukusoma?"

Kuna majibu mengi ya kazi yetu. Anayejenga programu lazima aone vilivyomo, la sivyo atajuaje kama inafanya kazi. Mlinzi hunijua, mimi ndiye niliyemwandika. Kila mtu anayefanya kazi hii anaona, hata kwenye benki. Yote ni kweli na yote nilikuwa nayo mdomoni, na nikajua nikiyasema nitakuwa nafanya kama Kendi.

Nikamwambia, "Nilikuwa najua, Eedo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyojaza."

Siku ile ile. Aliponirudishia simu nilitazama pembeni, kweli, lakini nilipofika nyumbani nilifungua laptopu kuangalia kama imeingia sawasawa. Ilikuwa imeingia. Nikaona. Nikafunga, na sikumwambia mtu. Nilijihesabia kwamba kutomwambia mtu ndiyo heshima yenyewe.

Eedo alimwaga makaa ya mtungi aliokuwa nao, akachukua mwingine. Alifanya hivyo polepole, nami nikadhani amemaliza maneno. Alipozungumza hakunitazama.

"Basi Ramadhani yote. Ukija hapa kufuturu, nikiwaambia wageni ngamia zangu ziko mbali huko Garbatulla, ziko nyingi mno kuleta karibu. Ulikuwa unakaa hapo kwa mkeka, unakula, unanisikia nikidanganya."

Nilikumbuka. Nilikuwa hata nikiitikia. Mgeni mmoja aliniuliza kama nimewahi kuwaona, nikasema ndiyo, ni wazuri sana, nikidhani namsaidia.

"Huyo mwingine alinivua nguo siku moja, na hakujua," akasema. "Wewe umeniona bila nguo tangu hapo, na ukanyamaza."

Nililia. Hakuninyamazisha, wala hakunifukuza. Alinipa mtungi mmoja nimshikie akimimina makaa, nikashika, tukamaliza mitungi yote. Nilipoondoka akaniambia nimsalimie baba.

Sasa ni jioni, upepo umetulia. Hasira yangu kwa Kendi bado ipo, sitasema uongo. Alinitupa mbele za watu ili ajiokoe, na hilo halijabadilika kwa sababu ya maneno ya Eedo. Ila tangu nirudi nimekaa na hasira hiyo na siwezi kuitumia. Nikianza kuandika ujumbe wa kumwambia alichonifanyia, kila sentensi ninayoandika Eedo angeweza kuniandikia mimi. Nimefuta zote. Kesho nitatafuta namna ya kuzificha idadi zile hata kwangu mimi niliyejenga, na inawezekana, ni kazi tu, nilikuwa mvivu. Lakini nilichokwisha kukiona hakuna kitufe cha kukirudisha.

Asubuhi maziwa ya Gotu yatafika, na kina mama watakuwepo wakipokea, na Eedo kati yao. Nikienda nisimame pale pembeni yake, ataendelea kuwaambia watu ambao hawakuwepo Jumatatu habari za ngamia wake kama alivyozoea, au atanyamaza kwa sababu nimefika?